Milioni mbili na laki sita: je, nipande meza kubwa ya poka?

Swali: "Shikamoo kaka. Nina miaka 29, nauza vifaa vya simu Kariakoo, mshahara 500,000 kwa mwezi. Nina mke na mtoto mmoja. Kwa miezi minane sasa nacheza poka kila Jumamosi kwa jamaa mmoja Mikocheni, kwa muda wa saa tano hivi. Blaindi, yaani dau za lazima za kuanzia kila mgao wa karata, ni 500 na 1,000, tunaingia na laki moja. Hapo nimekula faida ya 1,600,000. Nilikuwa na akiba ya milioni mbili, nikazichanganya zote. Mwezi uliopita nilikwenda mara mbili kwenye meza ya 2,500 na 5,000, kiingilio laki tano, na mara zote mbili nikaliwa. Nimebaki na 2,600,000 kwenye simu. Mwezi ujao nalipa kodi ya nyumba Sinza, miezi sita, laki mbili kwa mwezi. Naomba unijibu: mtaji huu unatosha meza kubwa? Naweza kuacha kazi nikacheza tu? Kuna rafiki anataka kuniwekea pesa tugawane faida nusu kwa nusu, nikubali? Halafu faida ya poka mara nyingine naiwekea mikeka ya kubeti mpira, sijui kama ni tatizo."

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi kwamba umeandika tarakimu, maana wengi wanaoniuliza kuhusu poka huishia kusema "nipo vizuri" au "siku hizi mambo magumu", na hapo sina pa kuwashikia. Nakupa majibu kwanza, sababu zitafuata. Meza kubwa, bado. Kazi usiache. Mikeka iache leo hii. Ofa ya rafiki yako inawezekana, ila kwa masharti tofauti na hayo aliyokupa.

Najua wapo watakaosoma hapa na kusema kamari ni haramu, basi, hakuna la kujadili. Anayesimama hapo kwa imani yake namheshimu na sina hoja ya kumtoa. Lakini huyu kijana tayari yuko mezani kila Jumamosi na ana familia inayomtegemea, kwa hiyo nitazungumza naye hesabu.

Tuanze na pesa uliyonayo. Unasema ni 2,600,000. Kodi ya Sinza ni 1,200,000, na mwenye nyumba hasubiri. Hiyo imeshakuwa yake, iko kwenye simu yako ikingoja tarehe tu. Inabaki 1,400,000. Hapo bado hujatenga pesa ya dharura: mtoto akiugua usiku, msiba wa kijijini unaotaka nauli ya watu wawili, mwezi ambao bosi anachelewesha mshahara. Kwa kipato chako ningetaka uwe na laki sita isiyoguswa kwa jambo lolote la karata. Inabaki 800,000. Huo ndio mtaji wako wa poka, na maswali yako yote itabidi tuyajibu kwa kutumia namba hiyo.

Hili la kodi nalikazia kwa sababu ni mtego wa mji wetu. Dar wengi tunalipa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima. Matokeo yake kuna miezi mingi ambayo salio la simu ni kubwa kuliko uwezo wako halisi, na mcheza karata huchagua meza kwa kuangalia salio. Ulipokwenda ile meza ya laki tano mara ya kwanza ulikuwa na 3,600,000, ukajiona una viingilio saba, yaani pesa ya kukaa mezani mara saba. Ungetoa kodi na dharura ungegundua una vitatu na nusu. Wewe unauza dukani Kariakoo, unajua kinachompata mfanyabiashara anayekula pesa ya mzigo kwa sababu droo imejaa jioni. Mtaji wa poka nao ni mzigo wa duka: si mshahara, si akiba ya nyumba, na ukichanganywa na hivyo viwili huwezi kujua kama biashara inakwenda au inakufa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya Jumamosi, zitenganishe. Kodi iende benki kwenye akaunti ambayo hutembei na kadi yake, au mlipe mwenye nyumba mapema kama anakubali. Dharura unaweza kuiweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Kutoa pesa kule huchukua siku kadhaa za kazi, na kwa mtu wa karata kusubiri huko ni faida. Mtaji wa poka uwe na laini yake peke yake. Na mama watoto ajue kila pesa ilipo na ni kiasi gani. Mchezaji anayeficha salio nyumbani huanza kucheza ili kuziba pengo kabla halijaonekana, na hakuna anayecheza vizuri akiwa na haraka hiyo.

Sasa swali gumu: je, wewe kweli ni mchezaji anayekula, au umepita kwenye kipindi kizuri?

Miezi minane ni kama Jumamosi 32. Kwa saa tano tano, ni saa 160. Meza ya watu waliokaa ana kwa ana huenda kama mikono 30 kwa saa (mkono ni mgao mmoja wa karata mpaka apatikane mshindi), kwa hiyo umecheza mikono 4,800 hivi. Kwako ni muda mrefu wa maisha, lakini kwa hesabu za poka ni kipande kidogo. Kijana anayecheza mtandaoni meza nne kwa pamoja humaliza idadi hiyo ndani ya siku chache.

Katika Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, aina ya poka inayochezwa sana, matokeo ya mikono 100 kwa kawaida huyumba kiasi cha blaindi kubwa 80 hadi 100, juu au chini, hata kwa mchezaji mzuri. Tuchukue 90. Kuyumba huku hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mikono. Mikono 4,800 ni mamia 48. Kipeuo cha pili cha 48 ni karibu 7, mara 90, tunapata kama blaindi 620. Wewe umekula 1,600,000, na blaindi kubwa ya meza yako ni 1,000, yaani umekula blaindi 1,600. Uwezo wako halisi kwa kipindi hicho, kwa uwezekano mkubwa, uko mahali fulani kati ya 1,600 ukitoa 620 mara mbili, na 1,600 ukijumlisha 620 mara mbili: yaani kati ya blaindi 360 na 2,840. Kwa shilingi, kazi uliyoifanya kweli mezani inaweza kuwa ya 360,000, na inaweza kuwa ya 2,840,000.

Ufundi unao, hilo sikatai, kwani hata ukingo wa chini uko juu ya sifuri. Lakini mimi ningekuweka upande wa chini wa masafa hayo, kwa sababu moja: mtu hufikiria kupanda meza na kuacha kazi akiwa kwenye kipindi kizuri. Aliyeliwa miezi minane haniandikii kuniuliza kama aache kazi. Namba zinazonifikia zimeshachujwa na bahati kabla sijazisoma.

Mfano mwingine wa jambo hilo. Mchezaji mzuri kweli, anayekula wastani wa blaindi tano kwa kila mikono 100, baada ya mikono 10,000 ana kama nafasi tatu katika kumi za kuwa bado yuko chini ya sifuri. Mikono 10,000 kwa mwendo wako ni karibu mwaka mmoja na nusu wa Jumamosi. Mtu anaweza kucheza sawasawa mwaka mzima na nusu akaonekana mjinga kwenye daftari lake mwenyewe. Na anayekosea anaweza kuonekana fundi kwa muda huohuo. Ree mbili dhidi ya kingi mbili, pesa zote zikiwa katikati kabla ya karata za mezani kufunuliwa, hushinda mara 82 hivi katika 100. Karibu mara moja katika tano utaliwa ukiwa hujafanya kosa lolote, na mtaji upo kwa ajili ya hiyo mara moja.

Kuna kanuni ya kukadiria uwezekano wa mtaji kuisha kabisa, inayotumia vitu vitatu: unachokula kwa mikono 100, kiasi cha kuyumba, na mtaji wako kwa blaindi. Nimekupigia. Nimekukadiria kwa tahadhari, chini hata ya ule ukingo wa chini, kuwa unakula blaindi tano kwa mikono 100. Ukiipeleka 2,600,000 yote, pamoja na kodi ya nyumba, kwenye meza ya 2,500 na 5,000, hizo ni blaindi 520, na uwezekano wa kufulia ni asilimia 53 hivi. Ukipeleka 800,000 iliyo yako kweli, ni blaindi 160, na uwezekano unapanda hadi asilimia 82. Kwenye meza yako ya Mikocheni, 800,000 ni blaindi 800: asilimia 37. Ungekuwa na viingilio 20 pale, uwezekano ungeshuka hadi asilimia 8 au 9. Ukiwa na viingilio 30, asilimia mbili na nusu.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Tuseme unakula blaindi mbili kwa mikono 100, siyo tano. Viingilio 30 vilevile sasa vina uwezekano wa asilimia 23 wa kuisha. Na kama hukuli chochote, yaani uko sawa na wenzako wa mezani, ni suala la muda tu, vitaisha. Ndiyo maana siridhiki na ushauri wa "weka viingilio 20, umemaliza". Viingilio 20 ni kinga ya mtu anayejua anakula kiasi gani. Wewe hujui, na kwa mikono 4,800 huwezi kujua. Mpango wako lazima ukulinde hata kama umejikadiria vibaya.

Kinga hiyo unayo, na ina sehemu mbili. Kanuni niliyotumia inadhani mtu haongezi pesa kutoka nje wala hashuki meza. Wewe una mshahara, na unaweza kushuka. Chris Ferguson, bingwa wa World Series of Poker wa mwaka 2000, alianza mwaka 2006 mtandaoni bila senti, kwa mashindano ya bure, akafika dola 10,000 mwaka 2007. Kanuni zake zilikuwa kavu: kwenye meza ya pesa asiingie na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji, kwenye mashindano ya watu wengi asizidi asilimia 2, na pesa iliyo mbele yake ikizidi asilimia 10 ya mtaji wote, anaondoka. Mtu aliyewahi kushinda ubingwa wa dunia alikuwa akikaa kwenye meza za senti kwa sababu mtaji wa jaribio lake haukuruhusu zaidi. Nidhamu hiyo ndiyo iliyomfikisha, kwani ufundi alikuwa nao tangu zamani.

Asilimia 5 ya 800,000 ni 40,000. Kwa kipimo hicho hata meza ya laki moja ni kubwa kwako. Mimi sitakubana hivyo, kwa kuwa unacheza mara moja kwa wiki na mshahara upo. Nakuwekea hivi. Kwa usiku mmoja, viingilio viwili tu. Vikiisha unakwenda nyumbani. Kila mwezi unaruhusiwa kuongeza 30,000 kutoka kwenye mshahara, isizidi hapo, hata kama mwezi huo umeliwa kila wiki. Mtaji ukishuka hadi 400,000, unaanza kuingia na 50,000 badala ya laki, au unawaomba wenzako mfungue meza ndogo zaidi. Kushuka kunauma, nalijua hilo, hasa mbele ya watu waliokuona unakula. Wenzako watakutania wiki mbili, halafu watasahau.

Kupanda nako kuna utaratibu. Mtaji ukifika 2,500,000, una viingilio 25 na hapo ndipo meza ya Mikocheni inakuwa saizi yako kamili. Faida inayozidi kiwango hicho, theluthi moja uipeleke nyumbani kila baada ya miezi mitatu, iwe ada, bati, au kiwanja. Ukifika 4,000,000, chukua 500,000 ukajaribu meza kubwa, kiingilio kimoja tu. Kikiliwa, unarudi chini na hurudi tena juu mpaka ufike 4,000,000 upya. Kukaa meza kubwa kama mchezaji wa kudumu kunataka 12,500,000. Ni mbali, na inaweza kuchukua miaka. Namba haijali kama tuna haraka.

Mashindano nitayagusa kidogo tu kwa kuwa hukuniuliza. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 tu ya washiriki ndio hulipwa, na pesa ya maana iko kwa wawili watatu wa mwisho. Kwa hiyo kuyumba ni kukubwa zaidi: viingilio 100 ni kiasi cha kawaida, si woga.

Sasa twende mezani, maana mpango huvunjikia pale. Siku moja mwangalie mtu aliyeliwa kiingilio cha pili saa nane usiku. Karata mpya zinagawiwa, na mkono wake hauzifuati. Unaingia mfukoni kutoa simu. Anaangalia salio, anaangalia menyu ya mikopo ya simu, anamwangalia mwenyeji wa meza. Hapo poka imeshaisha, ameshapaniki, anataka kurudisha. Usitegemee kwamba utakuwa na nguvu ya kujizuia wakati huo, maana hakuna aliye nayo kila siku. Jizuie saa kumi jioni, ukiwa bado Sinza: weka laki mbili taslimu kwenye bahasha mbili, ya kurudi nyumbani weka mfuko mwingine, na laini yenye mtaji ibaki nyumbani. Mtu akikwambia "nikopeshe laki, asubuhi nakutumia", mwambie huna, na itakuwa kweli. Wewe nawe usikope kwa mtu yeyote mezani. Mikopo ya kausha damu sitaki hata kuijadili. Kama imeshatokea ukakopa ili ucheze, au ukajikuta unamdanganya mkeo ulikokuwa, basi mpango wangu wa viingilio haukuhusu tena. Simamisha mchezo na uende kuzungumza na wataalamu wa afya ya akili, Muhimbili wapo. Uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotibika na hakuna aibu ndani yake.

Kuna pesa nyingine inatoka mezani kila Jumamosi bila mtu kuipigia kelele: makato ya mwenyeji wa meza. Hukunitajia anakata kiasi gani. Tuseme anachukua 1,000 kwa kila mkono. Mikono 30 kwa saa, kwa saa tano, ni 150,000. Mkiwa saba, kila mmoja ametoa kama 21,000 kwa usiku mmoja. Kwa Jumamosi 48 za mwaka ni zaidi ya milioni moja kwa kila mchezaji, na hakuna karata iliyokula pesa hiyo. Meza ya marafiki wenye uwezo unaolingana, yenye makato hayo, wote saba mnaweza kumaliza mwaka mkiwa chini. Uliza, andika, na kama ni makubwa mwambieni mwenyeji achukue ada moja ya usiku ya vinywaji na umeme, basi.

Daftari. Hapa najua utanikubalia kwa mdomo na hutafanya, kwa hiyo naomba unisikilize vizuri. Umesema umekula 1,600,000. Umejuaje? Kama ni kwa kumbukumbu, siiamini, na si kwa sababu ya uaminifu wako. Kichwa cha mcheza karata hukumbuka alichotoka nacho na kusahau alichoongeza. Mstari mmoja wa daftari uwe hivi: Jumamosi, meza 500 na 1,000, niliingia na 100,000, nikaongeza 100,000, nikatoka na 145,000, nimecheza kwa saa tano, boda na msosi 12,000. Jibu: hasara 67,000. Mtu huyohuyo akiulizwa Jumapili atasema "nimetoka na laki na nusu kasoro", na rafiki yake ataelewa amekula. Andika kabla hujapanda boda ya kurudi. Ukifikisha saa 500 zilizoandikwa hivyo, niandikie tena. Hapo tutakuwa na kitu cha kuzungumza.

Kuhusu kuacha kazi, acha nikupe hoja moja ambayo haihitaji hata kubishana juu ya uwezo wako. Tuichukue faida yako kama ilivyo, bila kuikata bahati: 1,600,000 kwa miezi minane ni 200,000 kwa mwezi. Hiyo inalipa kodi ya Sinza na hakuna kinachobaki cha chakula. Unacheza saa 20 kwa mwezi kwa sababu meza ipo Jumamosi tu. Ili upate mshahara wako wa 500,000 kwa kasi hiyohiyo ya 10,000 kwa saa, ungehitaji saa 50 kila mwezi, na ungehitaji watu wa kucheza nao ambao ni wepesi kama wa Mikocheni. Watu hao wana kazi zao Jumanne. Utakaowakuta mezani Jumanne ni wale wanaoishi kwa karata, na mbele yao hiyo elfu kumi kwa saa haitakuwepo. Juu ya hapo, anayeishi kwa poka anahitaji matumizi ya mwaka mzima pembeni, na viingilio 50 au zaidi, kwa kuwa kila mwezi anakula ndani ya mtaji huohuo. Mshahara wako wa Kariakoo unakuruhusu kucheza bila hofu. Ukiuondoa, meza ileile inakuwa ngumu zaidi ingawa karata hazijabadilika.

Mikeka. Umeuliza kama ni tatizo, nami nakujibu kwa jina la mtu. Stu Ungar alitwaa ubingwa mkuu wa World Series of Poker mwaka 1980, 1981 na 1997. Wengi waliokaa naye wanasema hawajaona kipaji kama chake kwenye karata. Alikula mamilioni ya dola mezani, kisha akayapeleka kwenye mbio za farasi, kamari za michezo, na dawa za kulevya. Novemba 1998, mwaka mmoja na miezi michache baada ya ubingwa wa tatu uliokuwa na zawadi ya dola milioni moja, alikutwa amefariki kwenye chumba cha moteli Las Vegas, akiwa na dola mia kadhaa tu. Hakufilisiwa na poka. Mezani Mikocheni unapambana na watu, na ukiwa bora kuliko wao unakula polepole. Kwenye mkeka wa mechi kumi unapambana na kampuni iliyoweka faida yake ndani ya kila odi, yaani kiwango cha malipo ya mechi, kabla hujabonyeza, na faida hizo huzidishwa kadiri unavyoongeza mechi. Kuchukua pesa uliyoitafuta kwa ufundi saa tano na kuipeleka huko ni kuirudisha yote, wiki baada ya wiki. Kama ni shabiki wa Simba au Yanga, kaa uangalie mpira.

Ukija kushawishika na poka ya mtandaoni, kumbuka mambo mawili. Michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003. Mwendeshaji asiye na leseni ya Bodi akikunyima pesa, huna pa kumshtaki. Na hata mkubwa huanguka: tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka, na Full Tilt, moja ya tovuti hizo, ambayo Ferguson niliyemsifu alikuwa miongoni mwa wamiliki wake, ikashindwa kuwarudishia wachezaji pesa zao. Wengi walisubiri mwaka na nusu, na Wamarekani wengi wakasubiri karibu miaka mitatu. Pesa ya mtandaoni iwe ile ya kuchezea wiki hiyo tu.

Limebaki la rafiki yako. Kuwekewa pesa ni jambo la kawaida kwenye poka; hata huo ubingwa wa 1997 Ungar aliingia kwa dola 10,000 za mchezaji mwenzake Billy Baxter, na zawadi wakagawana. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba rafiki yako ametaja faida pekee. Hasara je? Utaratibu uliozoeleka ni kwamba hasara inabebwa mbele: akikuwekea laki tano ukaliwa, halafu ukaja kula laki nane, laki tano zinarudi kwake kwanza, na mnagawana laki tatu zilizobaki. Mkiacha mkiwa chini, hasara ni yake, wewe hudaiwi mfukoni. Hili la mwisho liandikwe kwa maneno yasiyo na utata, vinginevyo siku mkigombana itaitwa mkopo, na utatafutwa hadi dukani. Iandikwe pia ni meza gani unaruhusiwa kukaa, ni viingilio vingapi kwa usiku, nani anaona daftari, na lini mnafunga hesabu. Na pesa yake isiguse laini ya mtaji wako.

Mwambie hutaki meza kubwa kwa pesa yake, kwa sababu zilezile ambazo huitaki kwa pesa yako. Akikubali, anza naye kwenye meza ya 500 na 1,000 kwa viingilio kumi, na baada ya miezi mitatu mkae mchana, si usiku wa mchezo, mpige hesabu mstari kwa mstari. Akikataa kuandika, mshukuru na uendelee na 800,000 yako.